Magunia matano ya mkaa kwenye gari la mazingira

Semina ilifungwa saa sita mchana. Tukapiga picha ya pamoja, tukasaini posho, tukala wali kuku, na ilipofika saa tisa alasiri gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, milango ya nyuma wazi, dereva akipanga magunia ya mkaa. Ili zulia la gari lisichafuke alitandika bango letu la semina. Maandishi yalitazama juu, kwa hiyo gunia la kwanza lilikaa juu ya neno "Tutunze" na la pili likafunika picha ya mti.

Magunia yalikuwa matano. Mawili yangu.

Kisa chenyewe si cha ajabu hata kidogo. Aliyewahi kusafiri kikazi kwa gari la ofisi anajua kwamba ukirudi Dar mikono mitupu nyumbani watakuuliza ulikuwa wapi. Ukipita Muheza unashuka na machungwa, ukipita Gairo unashuka na viazi, ukipita mapori ya Morogoro unashuka na mkaa. Siandiki kwa sababu ya mkaa. Naandika kwa sababu ya kilichofuata ofisini, ambacho hadi leo kinanitafuna kuliko yale magunia.

Taasisi yenyewe siitaji. Ni ndogo, na watu wake si wabaya.

Tulichokuwa tunajua

Mada niliyowasilisha mimi siku hiyo ilikuwa nishati ya kupikia. Wajumbe walikuwa watu wa kamati za maliasili za vijiji, wengi wao wanaujua msitu kuliko mimi. Nikawaonyesha ile namba ya kila semina: Tanzania inapoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Ni takwimu ya serikali, na imerudiwa kiasi kwamba mzee mmoja wa mbele aliitamka kabla sijafungua slaidi. Nikaeleza, kama inavyopasa, kwamba mashamba mapya ndiyo yanaongoza kwa kufyeka misitu, lakini mkaa nao umo, na kwamba tanuri la udongo la kienyeji ni mlafi: unachoma kilo 100 za kuni unapata kilo 10 hadi 20 za mkaa. Kilichobaki kinakwenda na moshi.

Nikataja na Kilosa, maana ni mfano ninaoupenda. Tangu mwaka 2012 kuna vijiji huko vilivyoacha kupigana na mkaa vikaanza kuupangia. Sehemu ya msitu wa kijiji inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kwa kuruka kimoja kimoja kama bao la drafti, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini, unajenga darasa. Kwa hiyo nilikuwa najua, tena kwa kina cha kulipwa posho, kwamba kuna mkaa wenye asili yake na kuna mkaa usiojulikana ulikotoka.

Saa tatu baadaye nilinunua mkaa usiojulikana ulikotoka.

Kijana aliyetuuzia aliusoma mlango wa gari kabla ya kutaja bei. "Nyie si watu wa mazingira?" Mwenzetu mmoja, mwepesi wa utani, akamjibu, "Ndiyo, tunaondoa ushahidi." Tukacheka wote, na kijana akacheka, na bei ikashuka hadi elfu thelathini kwa gunia lililojazwa hadi kuvimba, juu limezibwa kwa majani na kamba. Kwa bei za Dar, bure kabisa.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha mazao ya misitu. Mkaa ukisafirishwa unatakiwa uwe na risiti ya ushuru na hati ya kusafirishia. Sisi tulikuwa na nembo mlangoni, na mti ukainuliwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sikuliona siku ile. Safari ya Dar hadi Morogoro siku hizi ina treni ya umeme, imeanza kubeba abiria Juni 2024, nauli ya kawaida shilingi 13,000, na unafika kabla hujamaliza kusoma ratiba ya semina. Tulikuwa watu wanne na kompyuta mbili na bango. Tulichagua Land Cruiser ya dizeli, kilomita kama 400 kwenda na kurudi. Ofisini tuliandika sababu: "vifaa vya semina." Sababu ya kweli kila mmoja aliijua, na haikuhitaji kusemwa: kwenye treni huwezi kupanda na gunia.

Jumamosi ya usafi

Mtaani kwangu mimi ni katibu wa kamati ya mazingira. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na mafagio na makoleo, tunazibua mtaro, tunapita kwenye meza za wafanyabiashara kuwakumbusha mambo ya taka. Siku nne baada ya semina nilisimama mbele ya mama anayeuza vitumbua pale kona. Ni mtu mzima, amenipita umri wa kutosha kabisa kuwa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, katibu. Vya shilingi ngapi?"

Nikamwambia leo sikuja kununua, nimekuja kuhusu vile vifuko vyembamba vinavyong'aa anavyofungia vitumbua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na faini ya kukutwa nayo inaanzia shilingi 30,000. Hivi vifuko vidogo ni vifungashio, viliachwa kwa ajili ya bidhaa za viwandani, lakini mitaani vimegeuka kuwa mfuko wenyewe. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuongea na watu wamesimama, nikaongeza la jiko. Nikasema mkaa unamaliza misitu na moshi unamaliza kifua chake, ajaribu gesi.

Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti. Hakuinua uso.

"Mwanangu, ule mtungi mdogo wa ruzuku ninao, ni wa chai. Ukikaangia biashara haumalizi wiki." Akakigeuza kingine. "Na yale magunia yaliyoshuka kwako juzi usiku kwenye gari la shirika, nayo ni ya semina?"

Vijana wa makoleo waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi msikitini. Mmoja wao akatoa simu. Kumbe picha ilikuwepo: gari letu mlangoni kwangu, nembo inasomeka, mimi nimeinama nalisukuma gunia, nimevaa fulana ya semina. Jumatatu ilikuwa imefika kwa mkurugenzi.

Nani alichoma zaidi?

Hapa nataka nimtendee haki kila mmoja, nikiwemo mimi, kwa sababu kejeli ya yule mama ilikuwa tamu mno kiasi cha kutufanya tusipige hesabu.

Tuseme gunia la barabarani lina kilo 60. Magunia matano ni kilo 300. Kwa tanuri la kati, la asilimia 15, nyuma yake kuna tani mbili za kuni. Si msitu, lakini ni miti, na hakuna aliyeihesabu.

Sasa yeye. Anatumia ndoo ya lita kumi kwa siku, tuseme kilo tatu. Kwa mwezi wa siku 26 hizo ni kilo 78. Nyumbani kwangu gunia moja linakaa mwezi na nusu, maana lina kazi mbili tu: maharage, na nyama choma ya Jumapili. Kwa hiyo, kwa mizani tupu, mama wa vitumbua anachoma karibu mara mbili ya ninavyochoma mimi. Nilipoipata hesabu hii nilifurahi kwa dakika kama tano. Nikajiona nimepona.

Lakini ile ndoo yake inalisha meza thelathini kila asubuhi, na kila kitumbua ni nyumba moja ambayo haikuwasha jiko. Tena anaununua kwa ndoo, ambako kilo moja inamgharimu kuliko mimi niliyenunua gunia porini. Akitaka kuhamia gesi kweli anahitaji mtungi wa kilo 15, jiko la moto mkubwa, na fedha ya kujaza kwa mkupuo mmoja, wakati mtaji wake unaingia na kutoka kwa sarafu. Amebanwa.

Mimi sijabanwa. Jikoni kwangu kuna mitungi miwili ya gesi. Kuna presha ya umeme, zawadi ya harusi ya shemeji, iko kabatini na karatasi zake. Kilo ya maharage kwenye presha ile haili yuniti nzima ya umeme, na yuniti kwa LUKU ya kawaida ni kama shilingi 350. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo jukwaani! Sababu ya mkaa kwangu ni kwamba maharage ya mkaa yana ladha, na kwamba mama watoto na mimi tumelelewa hivyo, na kwamba ulikuwa rahisi. Sizidharau sababu hizo. Ila hakuna hata moja ambayo ningeithubutu mbele ya wale wajumbe wa vijiji.

Ndiyo maana kuuliza "nani alichoma zaidi" hakutufikishi popote. Mwenye njia mbili na asiye na njia hawawezi kupimwa kwa mizani moja, hata kama moshi wao unafanana. Mwaka 2007, siku moja baada ya filamu ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, ya mabadiliko ya tabianchi kupata tuzo ya Oscar, watu wa kwao Tennessee walitangaza kwamba nyumba yake ya Nashville ilikula karibu yuniti 221,000 za umeme mwaka 2006, zaidi ya mara ishirini ya kaya ya kawaida ya Marekani. Akajibu kwamba ananunua umeme wa vyanzo safi, na baadaye akaweka sola. Wapinzani wake walishangilia kana kwamba bili ile imepoza dunia. Haikupoza. Lakini nao waliomtetea walikosea waliposema nyumba ya mtu haihusu. Inahusu, kwa sababu yeye alikuwa na uwezo wa kuchagua nyumba.

Kikao

Jumanne tuliitwa. Nitayaandika yaliyosemwa bila kutaja nani alisema nini, maana mengine niliyasema mimi.

Lilisemwa kwamba mkaa ulikuwa umeshachomwa tayari, tusingeununua sisi angenunua mwingine. Hili lina uzito wa unyoya. Kijana yule husimama pale kwa sababu magari husimama pale. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba Dar es Salaam peke yake ilikuwa inatumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na kati ya 2001 na 2007 kaya za jiji zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. "Mwingine" anayezungumziwa ni sisi.

Lilisemwa kwamba mtu mmoja hawezi kubadili kitu, haya ni mambo ya sera. Hili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP iliweka kwenye tovuti yake kikokotoo ili kila mtu apige hesabu ya hewa ukaa ya maisha yake: chai yake, gari lake, likizo yake. Kampuni inayochimba mafuta ikamwambia mnunuzi ajichunguze. Aliyebuni jambo hilo alikuwa na akili sana. Na hapa kwetu pia, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 8, 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034, na hilo halitafikiwa kwa mimi kuacha nyama choma. Litafikiwa kwa bei ya gesi na kwa umeme usiokatika. Yote sawa. Ila ajabu ni kwamba hoja ya sera ilikuwa haijawahi kutajwa nilipokuwa nasimama kwenye meza ya vitumbua. Pale ilikuwa ni wajibu wa mtu binafsi. Ilipofika zamu yetu ndipo tukaukumbuka mfumo.

La tatu lilikuwa "mganga hajigangi." Tukacheka tena.

Halafu mkurugenzi akasema la maana kwake: picha imeharibu taswira, wafadhili wataiona, lazima ionekane hatua imechukuliwa. Akafungua mwongozo wa matumizi ya magari. Mwongozo unasema dereva ndiye mwenye dhamana ya kila mzigo unaopakiwa.

Chumba kilitulia. Ule utulivu nauita sasa kwa jina lake: ulikuwa ni ahueni.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Kwetu Mnyamwezi alikuwa dereva, ambaye hakuwepo hata kwenye kikao. Alikuwa amekwenda kujaza mafuta. Gunia moja kati ya matano lilikuwa lake, sikatai. Lakini aliyesema "simama hapo mbele" hakuwa yeye. Aliyepatana bei hakuwa yeye. Aliyeandika "vifaa vya semina" kwenye fomu ya safari ni mimi, kwa kalamu yangu. Akaandikiwa barua ya onyo peke yake, nakala kwenye faili.

Na niliombwa niipitie barua ile lugha. Naijua lugha, ndiyo kazi yangu nyingine pale. Palikuwa na "kitendo hiko", nikarekebisha ikawa "kitendo hicho". Nikaongeza koma. Nikairudisha.

Nilipomkabidhi aliisoma yote, taratibu, akiwa amesimama kando ya gari. Akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati. "Sawa, bosi," akasema. "Lile bango nimelifua."

Ninavyoliona sasa

Watu wakisema unafiki wa mazingira wanamaanisha ile picha: fulana ya semina na gunia. Mimi naona ile picha ni ya kawaida, karibu ya kuhurumiwa. Mtu anaamini jambo jema na hajalifikia. Kama tutangoja watu wasio na gunia ndipo wazungumze habari za misitu, misitu itasemewa na vinyago. Mama wa vitumbua hakusema niache kuongea. Aliuliza swali, tena swali zuri, na swali lile lingejibika kwa sentensi moja: ndiyo mama, ni yangu, na nimekosea. Sikuisema. Nilicheka na wenzangu nikaendelea na meza inayofuata.

Uoza ulianza pale lawama ilipoanza kutafuta njia ya kushuka. Mimi niliishusha kwa mama wa vitumbua Jumamosi, ofisi ikaishusha kwa dereva Jumanne, na BP, huko juu kabisa, walikuwa wameshaishusha kwetu sote zamani. Kila ngazi ina mwongozo wake wa kuthibitisha kwamba mwenye dhamana ni aliye chini. Na kila anayeishusha anajisikia ametimiza wajibu, ndiyo sababu mambo haya hayaumi yanapotendeka.

Wiki tatu baadaye niliandika barua. Nikasema magunia mawili yalikuwa yangu, safari niliipanga mimi, na naomba onyo liandikwe kwa majina yetu wanne au lifutwe. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba suala limeshafungwa. Nilimwonyesha dereva nakala. Aliitazama kidogo akanirudishia. "Ungesema siku ile ile, bosi."

Ya nyumbani yamekuwa mepesi zaidi. Presha imetoka kabatini. Maharage yake hayana ule moshi, na mama watoto husema hivyo kila mara, bila kunung'unika, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Nyama choma bado tunakula, kwa majirani.

Gunia la kwanza lilikuwa limekwisha, la pili lilibaki nusu na zaidi. Jumapili moja jioni nikalibeba hadi kona. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema. Mama hakunipa nafasi. Aliingiza mkono ndani, akatoa vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio. Vikalia kama vyuma.

"Mti mgumu huu. Shilingi ngapi?"

"Nimekuletea tu, mama. Bure."

"Bure hapana, katibu. Kesho kutwa utarudi hapa kunisemea jiko langu." Akafungua pindo la kanga. "Nyie mlinunua ngapi kule?"

Nikamwambia elfu thelathini, gunia zima. Akalitazama lililobaki, akahesabu elfu kumi na saba na mia tano, nyingi zikiwa za sarafu, akaninyooshea na mkono akauacha pale pale hadi nilipopokea.